Akitimiza miaka 18, aende kwa nani?

Mazungumzo ya mwanachama wetu, fundi umeme, katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, wana Makete wote mliofika na mliotuma michango kutoka Mbeya, Njombe na kwingineko.  

Nimepewa dakika kumi nieleze kwa nini mwaka huu kamati inawaombea fedha vijana wanaotoka kwenye makao ya watoto kule nyumbani. Mimi si mtaalamu wa mambo haya. Nimeombwa niseme kwa sababu nilikulia huko.

Wengi mnaikumbuka miaka ile. UKIMWI ulichukua baba, ukachukua mama, bibi akabaki na wajukuu sita asijue awalishe nini. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 uliikuta Njombe ikiongoza mikoa yote, asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49. Kwa hiyo waliojaa kwenye makao yale hawakuwa watoto wa watu baki. Ni watoto wa koo zetu.

Makao yalinilea vizuri. Nilikula, nilitibiwa, nilisoma. Sina lawama. Lakini nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nimetimiza miaka 18, na kisheria sikuwa mtoto tena. Nikapewa begi, godoro na nauli ya kufika Njombe mjini. Nikashuka stendi, nikakaa kwenye benchi mpaka jioni. Sikuwa nasubiri mtu. Sikujua nielekee upande gani. Kila nilikouliza kazi waliniambia nije na wadhamini wawili.

Sisi Wakinga tunasifiwa kwa biashara, na humu ndani wote tunajua inavyoanza. Kijana anatoka kijijini, anafikia kwa baba mdogo au kwa mjomba. Anafagia duka, anabeba mizigo, analala stoo. Baada ya miaka miwili mitatu anajua bei, anajua wateja, anajua nani analipa na nani anakopa na kupotea. Siku moja mjomba anampa mtaji, anafungua lake. Hicho ndicho chuo kilichotusomesha wengi wetu. Mtoto wa makao hawezi kuingia chuo hicho, kwa sababu ada yake ni kuwa na mjomba.

Mimi nilipata bahati. Mama mmoja muuza mbao, ambaye hatuna undugu naye, aliniona pale stendi siku ya pili. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe wa wapi?" Nikamwambia. Akasema, njoo unipangie mbao. Nilipanga mbao miezi minane. Alipokuja fundi kutengeneza mota ya mashine ya kuranda, nikawa namshikia taa na kumuuliza maswali mpaka akachoka. Yule mama akamwomba anichukue. Baadaye nilipokwenda chuo cha ufundi, fomu yangu ya udhamini aliisaini yeye. Fedha alizonipa hazikuwa nyingi. Sahihi yake ndiyo iliyonifikisha mbele yenu leo.

Mwenzangu niliyelala naye kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini, alinizidi sana hesabu. Tuliondoka mwaka mmoja. Yeye hakukutana na mama kama yule. Alifanya vibarua vya kupakia viazi, akahama mji huu na ule. Mara ya mwisho nilipompigia, namba haikupatikana, na mpaka leo namtafuta.

Ndugu zangu, kamati inaomba mambo matatu.

La kwanza ni karatasi. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa anahangaika kupata namba ya NIDA, na bila namba hiyo hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kupata TIN. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo akiwa yatima anatakiwa kuwa na vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA. Mtoto aliyeletwa makao akiwa na miaka miwili atajuaje mama yake alifariki lini? Anayejua ni shangazi yake, au jirani, au katekista wa kijijini. Kazi hii ianze akiwa kidato cha pili, isingoje wiki ya kuondoka. Inahitaji nauli, ada za vyeti, na wazee wa kijiji wa kutoa ushahidi.

La pili ni kuona kazi. Wageni walikuwa wakija makao wanatuuliza, "Ukikua utakuwa nani?" Tulijibu daktari, tulijibu rubani, kwa kuwa majibu hayo yaliwafurahisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona rubani. Tunataka likizo za Juni na Desemba vijana wakae na watu wa kazi: fundi friji, mhasibu, mfamasia, mkulima wa viazi, mwenye mashine ya mbao. Anayependa vitabu aonyeshwe njia ya kidato cha tano na vyuo, asisukumwe VETA kwa kuwa tu ni yatima. Na anayependa gereji asidharauliwe.

La tatu ni mwenyeji. Mfuko utalipa kodi ya chumba ya miezi mitatu, maana wenye nyumba wanadai mbele, pamoja na zana za kazi. Lakini mfuko hauwezi kumpigia kijana simu Jumapili kumuuliza amekula nini. Hauwezi kusimama mbele ya mwajiri ukasema, huyu namfahamu.

Najua mtu anajiuliza: nikimdhamini, akaniibia? Ni swali la haki. Hata mpwa wa damu huiba. Ndiyo maana kutakuwa na makubaliano ya miezi sita kwa maandishi, afisa ustawi wa jamii atajua kila kijana yuko kwa nani, na mjumbe wa kamati atawatembelea. Mkishindwana, kijana atahamishiwa kwingine, hatatupwa. Na niseme wazi, huu si mpango wa kupata wasichana wa kazi wa bure. Anayefanya kazi alipwe.

Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nilipokuwa nimekaa kwenye lile benchi, ulimwengu ulikuwa ni watu waliopita mbele yangu. Wengi walikuwa wa kwetu.

Fomu iliyo ukurasa wa mwisho ina mistari miwili. Wa kwanza ni wa shilingi, na tunazihitaji sana, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Wa pili umeandikwa: "Kazi yangu ni ... Niko tayari kumpokea kijana mmoja." Nawaomba, kwa heshima yote, msiishie mstari wa kwanza.