Somo la Redio: Mpiga Kura Asiyemwamini Mgombea wa Chama Chake

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba wanaokaa nyuma wanasikia vizuri. Kila mtu awe na daftari na kalamu.

Leo tutazungumza juu ya jambo moja gumu. Wewe ni mwanachama wa chama cha siasa. Unakipenda chama chako. Kadi unayo, ada umelipa, na bendera yake umeitundika juu ya mti nyumbani kwako. Siku moja chama kinakuletea mtu wa kugombea urais, na moyo wako unamkataa. Humwamini. Je, utafanya nini?

Watu wengi huona haya kulisema jambo hili. Huogopa kuitwa wasaliti. Basi wengine hunyamaza, na wengine hukaa nyumbani siku ya kura. Leo tutalitazama jambo hili bila woga, pole pole, hatua kwa hatua.

Kwanza tujifunze maneno manne. Mwalimu, yaandike ubaoni.

MGOMBEA ni mtu anayeomba kuchaguliwa.

KUTEUA ni kumchagua mtu mmoja kati ya wengi ili apewe kazi fulani. Chama kinateua mgombea, kisha wananchi wanapiga kura.

TUHUMA ni jambo baya ambalo mtu anadhaniwa amelifanya, lakini bado halijathibitishwa.

HUKUMU ni uamuzi wa mahakama baada ya kusikiliza pande zote mbili.

Tafadhali msiyachanganye haya mawili ya mwisho. Tutayahitaji.

Sasa sikilizeni. Kumkataa mtu wa chama chako si jambo jipya katika nchi yetu. Mwaka 1965, Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja tu, nacho ni TANU. Kwa urais, karatasi ilikuwa na jina moja, la Mwalimu Julius Nyerere, na mpiga kura alichagua Ndiyo au Hapana. Mwalimu alipata Ndiyo nyingi sana. Lakini kwa ubunge, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, wa pili alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Matokeo yalipotangazwa, baadhi ya mawaziri walikuwa wameanguka. Mmoja wao alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliyegombea huko Mwanza. Aliyemshinda alikuwa mwana-TANU kama yeye. Je, TANU ilikufa kwa sababu hiyo? Haikufa. Wananchi walikuwa wametenganisha mambo mawili: chama ni kitu kimoja, na mtu ni kitu kingine.

Basi tuje kwenye mfano wetu mkubwa, uchaguzi wa Rais wa tarehe 25 Oktoba 2015.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 2006 nchi ilikuwa na ukame na upungufu wa umeme. Serikali ikaingia mkataba na kampuni iliyoitwa Richmond ili ilete mitambo ya umeme wa dharura. Mambo hayakwenda vizuri. Bunge likaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa ya kamati iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Alilalamika bungeni kwamba kamati haikumwita kumhoji. Hakupelekwa mahakamani kwa jambo hilo. Hapo mnaona tofauti ya tuhuma na hukumu.

Kabla ya hapo, Septemba 2007, chama cha upinzani cha Chadema kilifanya mkutano mkubwa katika uwanja wa Mwembe Yanga, Temeke, Dar es Salaam. Dk. Wilbrod Slaa, Mbunge wa Karatu, alisoma majina ya watu ambao chama hicho kiliwatuhumu kwa ufisadi. Jina la Lowassa lilikuwamo. Mwaka 2010 Dk. Slaa aligombea urais kwa Chadema, akapata zaidi ya kura milioni 2.

Miaka ikapita. Mwaka 2015 Lowassa aliomba kuteuliwa na CCM awe mgombea urais. Mwezi Julai jina lake halikupitishwa. Kabla ya mwezi kwisha, akaingia Chadema. Chadema, pamoja na CUF, NCCR-Mageuzi na NLD katika umoja wao wa UKAWA, wakamsimamisha yeye kuwa mgombea urais.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya mwanachama wa Chadema. Tumchukue mama mmoja mkulima wa vitunguu huko Mang'ola, wilaya ya Karatu. Ni mfano wetu tu wa darasani, kwa hiyo hatutampa jina, lakini watu waliokuwa na mawazo kama yake walikuwa wengi. Mama huyu alikuwa Chadema kwa miaka mingi. Mwaka 2007 alisikia habari za Mwembe Yanga redioni, akashangilia. Mwaka 2015 redio ile ile ikamwambia kwamba mtu yule yule ndiye mgombea wake.

Jioni ile hakula vizuri. Mume wake akamwambia, "Mwenzangu, usijisumbue. Shabaha yetu ni kuiondoa CCM. Mtu huyu ana watu wengi nyuma yake. Akiwa Waziri Mkuu alisukuma shule za kata, na sasa anasema elimu itatangulia. Tukikaa na usafi wetu, tutakuwa upinzani mpaka tuzikwe."

Mama akajibu, "Na tukishinda kwa mtu tusiyemwamini, tutakuwa tumeshinda nini?"

Ndugu wanafunzi, msiharakishe kusema nani alikuwa na haki. Mume alikuwa na hoja. Mama naye alikuwa na hoja. Wala hata viongozi wao hawakukubaliana. Tarehe 1 Septemba 2015 Dk. Slaa mwenyewe alitangaza kwamba anaacha siasa za vyama, kwa sababu hakukubali ujio wa Lowassa. Profesa Ibrahim Lipumba alikuwa amekwisha kujiuzulu uenyekiti wa CUF mwezi Agosti.

Na msidhani kwamba shaka ilikuwa upande mmoja tu. Katika CCM, wajumbe watatu wa Kamati Kuu, yaani Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walisema hadharani kwamba hawakukubaliana na jinsi majina yalivyokatwa. Waziri Mkuu wa zamani, Frederick Sumaye, alihama. Mzee Kingunge Ngombale-Mwiru naye alitoka katika chama hicho. Basi katika nyumba nyingi za CCM vile vile kulikuwa na mtu aliyekosa usingizi.

Sasa turudi Mang'ola. Mama yule alifanya mambo matatu. Yaandikeni.

La kwanza, aliupima moyo wake. Alijiuliza, "Simwamini mtu huyu kwa sababu gani? Ni kwa sababu ya kazi zake, au kwa sababu ya kwao anakotoka? Ni kwa jambo ninalolijua, au kwa maneno ya sokoni?" Tena alijiuliza, "Je, simtaki kwa sababu amehama chama?" Hapo akakumbuka kwamba mwaka 1995 Dk. Slaa naye alikuwa ameomba uteuzi wa CCM, jina lake likakatwa, akaja Chadema, na watu wa Karatu wakamchagua. Basi akaona kwamba kuhama peke yake si kosa. Kilichomsumbua ni kitu kingine: chama chake kilisema neno moja jana, na neno jingine leo, bila maelezo ya kumtosha.

Shaka isiyopimwa ni chuki tu. Shaka iliyopimwa ni kazi ya raia.

La pili, alikwenda kuuliza. Kulikuwa na mkutano wa tawi chini ya mti. Alinyosha mkono, akasema, "Mwenyekiti, nina swali."

"Sema, mama."

"Mwaka 2007 mlituambia mtu huyu hafai. Leo mnatuambia anafaa. Je, mlikosea siku ile, au mnakosea leo? Kama mlikosea siku ile, mwombeni radhi mbele yetu. Kama hamkukosea, tuambieni nini kimebadilika."

Watu wakanyamaza. Mwenyekiti akajikuna kichwa, akasema, "Mama, wakubwa wamekwisha kuamua."

Mama akasema, "Wakubwa wameamua nani asimame. Kura bado ni yangu." Akaketi.

Hakupata jibu. Lakini siku ile watu wengine wanne walimfuata njiani, wakamwambia, "Hata sisi." Mpaka wakati ule kila mmoja alidhani kwamba yuko peke yake.

La tatu, alizitazama njia zilizokuwa mbele yake. Katika uchaguzi ule hapakuwa na mgombea binafsi. Sheria ilitaka kila mgombea apitie chama. Hapakuwa na duru ya pili pia. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye aliyekuwa Rais. Basi njia zilikuwa nne.

Njia ya kwanza ni kumpigia mgombea wa chama pamoja na shaka yake. Faida ni kwamba chama hakigawanyiki. Hasara ni kwamba viongozi wanaweza kudhani kila wanachokileta kitapokewa. Anayefuata njia hii asiache kuuliza baada ya uchaguzi.

Njia ya pili ni kumpigia mgombea mwingine. Wagombea wa urais walikuwa 8, na mmoja wao alikuwa mwanamke, Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo. Tena mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Anaweza kumchagua mbunge wa chama chake, na Rais akamchagua kutoka kwingine. Si lazima karatasi zote tatu zifanane.

Njia ya tatu ni kutumbukiza karatasi bila alama. Karatasi hiyo huhesabiwa kuwa kura iliyoharibika. Mwaka 2015 kura zilizoharibika kwa urais zilikuwa 402,248. Je, ngapi ziliharibiwa kwa hasira, na ngapi kwa kutojua kuweka alama? Hakuna anayeweza kusema, kwa maana karatasi tupu haina mdomo. Ukitaka viongozi wajue unachokikataa, sema mkutanoni, kama alivyosema mama yule.

Njia ya nne ni kukaa nyumbani. Njia hii ni rahisi kuliko zote, lakini ndiyo inayowaachia wengine waamue kila kitu, hata mbunge na diwani.

Siku ya kura ikafika. Mama na mume wake walitoka alfajiri, wakapanga mstari. Kila mmoja aliingia peke yake nyuma ya kizuizi. Walipotoka, mume akauliza, "Umempa nani?" Mama akacheka, akasema, "Vitunguu vinataka maji. Twende."

Na mimi sitawaambia alimpa nani, kwa maana kura ni siri. Siri hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Asiye na shaka hujitangaza mwenyewe. Mwenye shaka ndiye anayehitaji mahali pasipo na jicho la mwenyekiti, wala la mume, wala la jirani.

Matokeo mnayajua. John Magufuli wa CCM alipata kura 8,882,935, yaani asilimia 58.46. Lowassa alipata kura 6,072,848, yaani asilimia 39.97. Upinzani ulikuwa haujawahi kupata kura nyingi kama hizo kwa urais. Hapo mume aliweza kusema, "Unaona?" Lakini Machi 2019 Lowassa alirudi CCM. Hapo mama naye aliweza kusema, "Unaona?" Dk. Slaa, kwa upande wake, aliteuliwa kuwa balozi na Rais Magufuli mwaka 2017. Lowassa alifariki dunia tarehe 10 Februari 2024, na nchi ikamzika kwa heshima.

Ndugu wanafunzi, wanasiasa huja na kuondoka, huhama na kurudi. Anayebaki Mang'ola ni mama na shamba lake. Kwa hiyo asikubali kuambiwa kwamba kuuliza ni usaliti. Chama kisichoweza kuulizwa na watu wake chini ya mti, kitaulizwa na nani kikifika Ikulu?

Somo letu limekwisha. Sasa zungumzeni darasani juu ya maswali haya, kisha kila mtu aandike jibu la moja wapo kwa sentensi tano.

1. Nini tofauti ya tuhuma na hukumu? Toa mfano kutoka kijijini kwako, bila kutaja jina la mtu.

2. Mume alitaka ushindi kwanza. Mama alitaka imani kwanza. Wewe ungesema nini, na kwa sababu gani?

3. Kwa nini kura ni siri?

4. Kama ungekuwa mwenyekiti wa tawi, ungemjibuje mama yule?

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote. Lijaribuni. Kwa herini, mpaka somo lijalo.