Ziwa la Barafu Ielekeayo Baharini

Leo nataka kuwapasha habari za ziwa moja la Iceland, kisiwa kilicho mbali sana kaskazini. Jina lake ni Jökulsárlón, na ulimi usiolizoea usione haya kuteleza.

Nyuma ya ziwa hilo ipo Vatnajökull, barafu kuu iliyofunika milima. Theluji huanguka juu yake mwaka baada ya mwaka. Ya chini hugandamizwa na ya juu hata ikawa barafu ngumu. Nayo, ijapokuwa ngumu, hushuka mabondeni polepole mfano wa uji mzito. Ifikapo ziwani hukatika kwa kishindo, na vipande vyake, vingine vikubwa kuliko nyumba, huelea majini.

Mgeni asimamapo ukingoni huona vyeupe, vya samawati, na vingine vyenye michirizi myeusi, ndiyo majivu ya volkeno. Usamawati hutokea kwa kuwa barafu iliyoshindiliwa sana haina mapovu mengi ya hewa, nayo humeza wekundu wa nuru. Wala mgeni asidhani ameona kipande kizima: kionekanacho ni kama fungu moja katika kumi, yaliyobaki yamo chini ya maji. Kwa hiyo wenye mashua hawakisogelei mno. Kikiyeyuka upande mmoja, uzani hubadilika, kikapinduka ghafula.

Ajabu ni kwamba ziwa hili si la kale. Lilianza kutokea katika miaka ya 1930, barafu iliporudi nyuma na kuacha shimo ambalo kina chake chapita futi 800. Mzee aliyezaliwa jirani mwaka 1925 alilishinda ziwa kwa umri! Watu wanaotazama Kibo hawahitaji kuambiwa zaidi juu ya barafu kupungua.

Mto mfupi waunganisha ziwa na bahari. Maji yakijaa, bahari huingia ziwani pamoja na samaki, na sili huwafuata. Lakini maji hayo ya chumvi, yaliyo na joto zaidi, huzidi kuiyeyusha barafu. Yakitoka, huchukua vipande hata baharini, na mawimbi huvirudisha juu ya mchanga mweusi viking'aa kama vioo. Juu ya mto huo lilijengwa daraja mwaka 1967. Bahari imeila pwani ikalikaribia, na watu wameweka mawe makubwa kuizuia.