KARAMU YA KAMPUNI: TUIPOKEE AU TUIKATAE?

(Maneno ya katibu wa tawi katika mkutano wa wanachama, Buxton, Mombasa. Yamechapwa kwa faida ya wenzetu waliokuwa zamu.)



Sitawachosha kwa maneno mengi, maana wengine mmetoka zamu ya usiku hata hamjalala, na wengine mnaingia kazini saa nane. Jambo tulilokutania ni moja. Kampuni imeliandikia tawi letu barua kwamba inataka kufanya karamu ya kutimiza miaka yake ishirini na mitano. Inataka sisi wa chama tuwe wenyeji: tutafute mahali, tupange wapishi, tualike watu, tusimamie siku yenyewe. Siku iliyotajwa ni Jumapili. Kampuni itatoa nusu ya gharama. Nusu ya pili itapatikana kwa kumkata kila mfanyakazi shilingi 500 katika mshahara. Walioalikwa ni wale walio katika orodha ya kudumu pamoja na jamaa zao. Vibarua hawakutajwa.

Na nyote mwajua kwamba mazungumzo ya mkataba wetu mpya hayajaisha.

Tangu barua ile ifike nimesikia maneno ya namna mbili. Vijana wengi wanasema, "Karamu hii ni rushwa. Wanataka kutufumba midomo kwa pilau." Baadhi ya wazee wanasema, "Tumefanya kazi miaka mingi, hatujapata hata siku moja kuketi na wakubwa mkeka mmoja. Wacheni watoto wetu wale, waone baba zao wanaheshimiwa." Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Kijana hakosei kuwa na shaka, wala mzee hakosei kutaka heshima.

Kwanza natoa habari yangu mwenyewe, isije ikadhaniwa kwamba nasema kwa kusoma barua tu. Miaka mingi iliyopita, kabla sijaja katika kazi hii, nilikuwa katika kamati ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja ambacho sitakitaja jina. Mwisho wa mwaka tulichinjiwa ng'ombe wawili. Nikapewa kipaza sauti nitoe shukrani, nami kwa furaha nikasema, "Kampuni hii ndiyo baba yetu na ndiyo mama yetu." Watu wakapiga makofi, nikapigwa picha. Baada ya miezi mitatu tuliketi mezani kudai nyongeza. Mkubwa akafungua jalada, akatoa hesabu ya wale ng'ombe, akatoa na picha yangu. Akasema kwa upole kabisa, "Katibu, wewe ulisema sisi ni baba yenu. Baba huombwa, hadaiwi."

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Kosa halikuwa la ng'ombe, wala la mpishi. Kosa lilikuwa la ulimi wangu.

Tena katika karamu hiyo vibarua waliitwa kuosha masufuria na kubeba viti. Hawakuketi. Siku ya pili mmoja wao akaniuliza, "Katibu, ile pilau ilikuwa na nyama?" Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Mwaka uliofuata tulipogoma, wale vibarua waliingia kazini kushika nafasi zetu, na mgomo ukavunjika kwa siku tatu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba yule mtu hakuwa akinifanyia mzaha.

Sisi wa Mombasa tusingehitaji kufundishwa hayo na mtu wa mbali. Mwaka wa 1939 wafanyakazi wa mji huu waligoma, na walichokidai na kukipata wengi wao ni posho ya nyumba, kwa sababu kodi ilikuwa ikila mshahara. Tarehe 13 Januari mwaka wa 1947 waligoma tena, watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Walikuwa wakikutana kila siku katika uwanja waliouita Kiembeni, na hapo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation ambacho rais wake alikuwa Chege Kibachia. Serikali ilimkamata mwezi wa Agosti mwaka ule ule, ikampeleka mbali na Mombasa. Mwaka wa 1955 watu wa bandari wakagoma tena, na Tom Mboya akaja kutoka Nairobi kusaidia mashauri mpaka nyongeza ikapatikana.

Nayataja haya kwa sababu moja. Siku zile watu wengi wa bandarini walikuwa vibarua wa kulipwa kwa siku. Lau wa kudumu wangejitenga na wa kutwa, mgomo wa 1947 usingalimaliza hata siku mbili. Ulidumu karibu wiki mbili kwa sababu hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Wewe umeandikwa katika orodha gani?"

Basi karamu yenyewe si jambo dogo. Mji huu umejua tangu zamani kwamba chakula hakiwi chakula tu. Wazee wanakumbuka ngoma za beni, Kingi na Scotchi, na vyama vya lelemama vya mama zetu, jinsi vilivyoshindana kwa sare, kwa ngoma na kwa karamu, kila upande ukitaka kuushinda mwenzake kwa matumizi. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Anayekula leo ajue ataombwa nini kesho.

Sasa tuiangalie barua neno kwa neno.

La kwanza ni fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 haikumpa mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kama apendavyo. Imetaja makato yanayoruhusiwa, na karamu ya kampuni haimo. Tena ni ajabu mtu akualike kwake kisha akutoze nusu ya nyama. Mwenye sherehe ndiye mlipaji. Sisi tutatoa kazi ya mikono yetu na maarifa yetu. Hayo ndiyo mchango wetu.

La pili ni siku. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwa wengi wetu ndiyo hiyo Jumapili. Mama wa Kisauni hufua siku hiyo, baba wa Changamwe huenda kanisani na watoto. Ikiwa kampuni inataka kutushukuru kwa kazi, itushukuru kwa saa zake, si kwa saa zetu. Ijumaa pia haifai mchana, kwa ajili ya sala. Mimi napendekeza Jumamosi, kuanzia saa tano mpaka saa kumi, ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Na asiyetaka kuja asiulizwe sababu wala asiandikwe jina.

La tatu ni usalama. Karamu za usiku zimeleta misiba. Mtu wa Likoni anapanga foleni ya feri usiku wa manane, mwingine anapanda boda hadi Mishomoroni na kichwa kimejaa bia. Akiumia, mwajiri atasema, "Hakuwa kazini." Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka wa 2007 pia, inahusu ajali itokanayo na kazi, basi tusingoje mtu aumie ndipo tuanze kubishana kama karamu ni kazi au si kazi. Kampuni iandike mapema kwamba siku hiyo ni ya kazi, na itoe magari ya kwenda na kurudi. Pombe isiwepo. Wengi wetu dini haituruhusu, na wanaokunywa wanazo siku zao na mahali pao.

La nne ni mahali na chakula. Buxton hii imebadilika. Pale zilipokuwa nyumba za zamani za manispaa sasa yamesimama magorofa mapya, na uwanja wa kuwasha kuni na kutandika mikeka haupatikani kwa urahisi. Kamati iulize Tononoka, palipo karibu na penye ukumbi. Wapishi watoke kwa mama zetu wa Mji wa Kale wanaopika biriani za harusi, nao walipwe ujira wao kamili siku ile ile. Tusiwaambie wake zetu wapike bure halafu tujisifu kuwa tumeokoa fedha. Watu wale kwa sinia, wanne wanne au watano watano, mkubwa na mdogo. Pasiwe na meza ya wakubwa yenye kitambaa, na sisi kwenye jua.

La tano ni vibarua. Hapa sitapunguza neno. Aliyebeba mzigo wa kampuni hii mwaka huu ameijenga kampuni hii. Ama aketi naye, ama sisi sote tusiketi.

La sita ni kubwa kuliko yote: karamu isiingie katika mkataba. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kampuni imetumia shilingi 300,000 na sisi tuko watu 200. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa mtu, nayo imeliwa kabla ya magharibi. Nyongeza ya shilingi 500 tu kwa mwezi ni shilingi 6,000 kwa mwaka, na mwaka wa pili inarudi tena, na kiinua mgongo nacho kinapanda. Ndiyo sababu mwenye hesabu kali hupenda kutoa karamu kuliko nyongeza. Tusimlaumu, tujue hesabu kama yeye ajuavyo.

Kijana ataniuliza, "Basi kwa nini tusikatae moja kwa moja?" Nitakujibu, mwanangu. Tukikataa bila kutoa sababu, kampuni itaifanya karamu bila sisi. Watakwenda wengi, maana watoto wanapenda soda na kuchezea maturubai, na chama kitabaki pembeni kimenuna. Lakini tukipeleka masharti yaliyo wazi, kampuni ikikubali tumeshinda kitu, na ikikataa kila mtu ataona ni nani aliyekataa, na kwa nini.

Kwa hiyo naweka mbele yenu azimio hili mpige kura. Tawi likubali kuwa mwenyeji ikiwa kampuni italipa gharama yote. Siku iwe ya kazi na magari yawepo. Vibarua waalikwe pamoja na jamaa zao kama sisi. Na kampuni itie sahihi barua kwamba karamu haitatajwa katika mazungumzo ya mkataba. Moja likikosekana, tuwaandikie kwa adabu kwamba tunawatakia heri, nasi hatutahudhuria. Hesabu zote zishikwe na watu watatu, zibandikwe ukutani wiki ile ile, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari.

Na la mwisho. Mtakayemchagua atoe shukrani siku hiyo, mwambieni aseme hivi tu: "Tunashukuru kwa chakula. Jumatatu tutaonana mezani." Akishasema hivyo aketi, ale.

 Umoja ni nguvu.