Zimamoto Moja kwa Kaunti Jirani: Ukisikia Hiyo Ahadi, Uliza Haya

Wanaofuata uzi huu wanajua sheria yetu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Leo naweka hotuba niliyotoa kwa mkutano wa wakazi hapa Kitengela, karibu vile nilivyoitamka. Hoja yenyewe huzuka kila moto mkubwa ukitokea: eti Kajiado, Machakos na Nairobi ziunganishe huduma zao za zimamoto.

Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nianze na usiku mmoja. Ploti ya tatu kutoka kwetu, mtungi wa gesi ulishika moto. Tulikuwa watu kama ishirini na ndoo, tukichota kwa tangi la landlodi. Mwenzetu akapata namba ya zimamoto, akapiga. Swali la kwanza aliloulizwa: "Hiyo ni kaunti gani?" Akajibu. Akaambiwa apigie wale wengine. Hao wengine walipofika, nyumba mbili zilikuwa zimeisha, kazi yao ikawa kumwagia majivu maji. Hakuna aliyekufa, tushukuru Mungu. Lakini mama wa mitumba alipoteza marobota yote, na mkopo wa chama bado alikuwa anaulipa. Kwa hivyo mimi nikisikia kiongozi anasema "moto hauulizi kitambulisho", napiga makofi kama nyinyi. Halafu naketi, naanza kuuliza.

Kwanza tujue tumesimama wapi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imepa kaunti kazi ya kuzima moto. Si serikali kuu. Sasa angalia ramani. Kajiado ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000, na kutoka hapa hadi makao makuu ya kaunti ni kama kilomita 50. Athi River, ambayo ni Machakos, iko hapo tu. Wengi wenu asubuhi mnaamka Kajiado, mnafanya kazi EPZ ndani ya Machakos, Jumamosi mnanunua vitu Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji huu peke yake. Gari la karibu zaidi linaweza kuwa la kaunti ambayo hukuipigia kura.

Je, kuungana kunaruhusiwa? Ndiyo. Kifungu cha 189 kinasema serikali za kaunti zishirikiane, na zinaweza kuunda kamati au mamlaka ya pamoja. Kwa hivyo yeyote akiwaambia "sheria haituruhusu", mwambieni akasome. Na yeyote akiwaambia atafanya kwa siku mia moja, mwambieni asome tena, maana pesa ya kaunti haitoki mfukoni mpaka bunge la kaunti lipitishe. Ukiunganisha kaunti tatu, unahitaji mabunge matatu yakubaliane, kila mwaka, kwa bajeti. Hapo ndipo nyimbo huisha.

Majirani wetu walipita njia nyingine. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2007, walitoa zimamoto kwa halmashauri wakaiweka kwa jeshi moja la taifa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukiwa Tanga au Mbeya, unapiga 114. Uganda zimamoto iko ndani ya polisi. Sisi tuliamua kugatua, na mimi sijutii, lakini tukubali kwamba tulipochora mipaka 47 tulichora pia mipaka ya gari la maji.

Sasa hoja ya kuokoa pesa. Hii mtaisikia sana. Uskoti waliunganisha vikosi 8 kuwa kimoja mwezi wa Aprili 2013, na baadaye vyumba vya kupokea simu vikapunguzwa kutoka 8 hadi 3. Akiba hutoka hapo: unafunga kinachojirudia. Haya, hapa kwetu ni nini kinachojirudia? Nani hapa anaishi katikati ya stesheni mbili za zimamoto? (Watu walicheka. Mimi sikuwa natania.) Ukiunganisha vichache na vichache, bado ni vichache, ila sasa bosi ni mmoja. Mwanasiasa akikuahidi muungano na akiba kwa sentensi moja, mwambie akuonyeshe stesheni atakayofunga. Akisema hafungi yoyote, basi hiyo si akiba, ni gharama, na aitaje bei.

Kuna jambo ambalo hawalitaji kabisa kwa midahalo. Cheti cha zimamoto. Ukiwa na duka, hoteli au shule, unalipia ukaguzi, na pesa inaingia kwa kaunti yako. Kikosi kikiwa kimoja, hiyo ada inaenda wapi? Ongeza ajira: kila kaunti ina bodi yake ya kuajiri, mishahara yake, pensheni yake. Naamini upinzani mwingi utatoka hapa, ingawa mtaambiwa ni "kulinda ugatuzi".

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga. Tusianze na kuunganisha magari. Tuanze na simu. Chumba kimoja cha kupokea simu, na mkataba ulioandikwa kwamba gari lililo karibu ndilo linatoka, bila kuuliza kaunti, halafu hesabu za mafuta na maji zinalipwa mwisho wa mwezi. Hiyo haihitaji jengo jipya wala mkurugenzi mwenye V8. Mkataba ukifanya kazi miaka miwili, ndipo tuongee mamlaka ya pamoja. Mnakumbuka mwaka 2017 kaunti tano za hapa, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ziliwekewa mamlaka moja ya usafiri, NaMATA. Jiulize kama safari yako ya matatu ya kesho asubuhi imebadilika.

Halafu maji. Tuseme gari limebeba lita 5,000 na mpira unatoa lita 1,000 kwa dakika. Dakika tano, kwisha. Kwa mtaa ambao hauna bomba la kujazia kando ya barabara, hata kikosi cha kaunti kumi kitarudi kutafuta maji. Na sisi wenyewe, landlodi mliopo hapa msinikasirikie, tumejenga hadi barabarani na kufunga geti usiku kwa kufuli ambayo ufunguo wake ako nao kijana mmoja aliyelala.

Niliposhuka, mzee mmoja wa boma la huko Isinya aliinua fimbo. Akasema, "Kijana, usiku wenu gari likiisha maji, si maboza ya kuuza maji yamejaa hapo steji? Huo mkataba wako utalipa mwenye boza?" Nilimwambia sikuwa nimeliandika hilo. Nimeliongeza, liko kwa karatasi tunayopelekea mwakilishi wa wadi Jumatatu.