NYAYA ZA MAFUMBO CHINI YA DASHIBODI



Ukipata Land Rover ya zamani hapa Kasulu au kule Kibondo, inama uchungulie chini ya dashibodi. Nyaya zinaning'inia, hujui zinatoka wapi. Pengine ni za simu ya upepo iliyong'olewa zamani. Waya wenye moto, yaani umeme, ukigusa bodi bila kupita kwenye fyuzi, gari laweza kuungua.

Wako wanaougusisha waya kwenye betri waone kitakachowaka. Mchezo mbaya huo! Sisi kwanza tufungue betri, tupanguse vumbi jekundu, tusome rangi. Kwa magari hayo ya Uingereza, kahawia hutoka betri, una moto hata swichi ikizimwa. Mweupe hupata moto swichi ikiwashwa. Kijani umeshapita kwenye fyuzi. Mweusi ni wa bodi. Bluu ni taa kubwa, mwekundu taa ndogo. Lakini fundi wa jana huenda alifunga waya wowote aliokuwa nao.

Basi tushike kalamu. Kila waya tuubandike karatasi yenye namba, na namba tuiandike daftarini. Tutenganishe ncha, turudishe betri, tuchukue balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili: mmoja kwenye chuma kitupu cha bodi, wa pili kwenye ncha tunayoipima. Ikiwaka wakati swichi imezimwa, waya huo watoka betri moja kwa moja. Tuandike. Isipowaka, tuwashe swichi, tupime tena.

Usiowaka kabisa tufungue betri tena, tuufuate kwa mkono hadi mwisho wake, bila kuuvuta. Tusiukate, ncha tuizungushie utepe wa umeme, namba yake ibaki.