Sumu ya Msunguti na Njia ya Dawa

Wagonjwa wengi wa Machakos, kuanzia Mlolongo hadi Masinga, wanaamini kwamba sindano ndiyo dawa na vidonge ni vya kutuliza tu. Wataalamu nao huwajibu upesi kwamba nguvu ya dawa imo ndani ya dawa yenyewe, na kwamba njia inayoingilia mwilini ni suala la urahisi. Jibu hilo la wataalamu ndilo ninalotaka kulipinga jioni hii, kwa kuwa limepotoka zaidi kuliko imani linayoikosoa. Mgonjwa angalau ametambua kwamba njia ina uzito; kosa lake ni kuifanya njia moja kuwa bora kwa kila dawa. Mtaalamu ameifuta njia kabisa katika hesabu zake. Ushahidi wa kuwajibu wote wawili umekuwapo Ukambani kwa vizazi vingi, katika podo la mwindaji.

Mti wenyewe ni msunguti, ambao wanabotania huuita Acokanthera schimperi. Wakamba, Wagiriama na Wawaata walichemsha vipande vyake kwa saa nyingi hadi yakabaki maji mazito meusi kama lami, wakayapaka kwenye mshale chini ya chembe na kuzungushia ngozi nyembamba ili sumu isikauke wala kumdhuru mbebaji. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga wabaini, kiini cha sumu ya miti ya jamii hiyo. Wabaini huziba pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye utando wa seli, pampu ambayo Jens Skou aliieleza mwaka 1957 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Pampu ikizibwa, sodiamu hurundikana ndani ya seli za moyo, kalisi nayo huongezeka, na moyo hupiga kwa nguvu, kisha ovyo, kisha husimama. Hayo yako vitabuni. Swali linalorukwa ni hili: mbona wawindaji walikula nyama ya mnyama waliyemuua kwa sumu hiyo, na wasidhurike?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba moto wa jikoni huiharibu sumu. Jibu hilo haliwezi kusimama hata kidogo. Sumu hii imepatikana kwa kuchemshwa kutwa nzima. Itakuwaje iliyostahimili chungu cha mtengenezaji ishindwe na chungu cha mpishi? Wengine husema wawindaji walikata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, na kwamba sumu iliyobaki ilisambaa katika mwili mkubwa hadi ikawa hafifu. Hilo lina ukweli, nami nalikubali, lakini halimalizi jambo. Molekuli ya wabaini imebeba sukari na vikundi vingi vinavyopenda maji, hivyo haipenyi kwa urahisi tando za seli, ambazo ni za mafuta. Seli za utumbo zimebanana sana. Kati ya wabaini unaomezwa, ni asilimia chache tu inayoingia kwenye damu. Ndani ya msuli hali ni nyingine: kuta za mishipa midogo ya damu zina mianya ambayo molekuli kama hii hupita bila shida. Mshale ulipeleka sumu kwenye mianya hiyo. Mlo uliipeleka kwenye ukuta.

Kuna pingamizi zito zaidi. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon na wenzake walieleza kwamba panya mwenye kishungi wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi, hutafuna gome la msunguti na kujipaka sumu kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata huugua, na pengine hufa. Je, si kwa kinywa? Hapa namtegemea shahidi ninayempenda kuliko wote, John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi, ambaye baadaye aliiwakilisha Uingereza Zanzibar. Kirk alikuwa ameweka mswaki pamoja na sumu ya mishale. Aliposafisha meno alionja uchungu, na alipoushika mkono wake akaona mapigo ya moyo yamepungua kasi. Sumu ile ilitoka kwenye mmea mwingine, Strophanthus, lakini kiini chake ni ndugu wa wabaini. Wengine wangeusukutua uchungu ule na kusahau. Yeye alipima, akaandika, na mmea ule ukafika kwa Thomas Fraser wa Edinburgh, aliyeufanyia uchunguzi wa miaka. Ngozi laini ya kinywa na fizi si utumbo: damu yake haipitii ini kwanza, na fizi zenye michubuko zinafanana zaidi na jeraha kuliko na tumbo. Kwa hiyo mbwa na mswaki vinaitia nguvu hoja yangu. Wala nisieleweke kwamba msunguti unamezeka: asilimia chache ya kiasi kikubwa inatosha kuua.

Linganisha sasa na dijoksini, dawa ya moyo inayotokana na mmea wa Ulaya. Inaziba pampu ileile, lakini molekuli yake haipendi maji kiasi hicho, na theluthi mbili au zaidi ya kidonge hufika kwenye damu. Kwa hiyo aliyejua habari za pampu peke yake hangeweza kueleza kwa nini moja imekuwa ya mshale na nyingine ya kidonge. Hata imani ya sindano ina asili yake ya haki. Katika miaka ya 1920, Wakenya wenye buba walidungwa dawa za arseniki na bismuthi, na vidonda vikafunga. Penisilini ya mwanzo iliharibiwa na asidi ya tumbo. Streptomaisini ya kifua kikuu haifyonzwi utumboni. Watu walijifunza kutokana na waliyoyaona. Dawa ndizo zilizobadilika: parasetamoli anayomeza mgonjwa leo hufyonzwa karibu yote.

Wenzangu watasema mwanafunzi ajue kwanza dawa inafanya nini, ndipo ajue inapita wapi. Nimeipima hoja hiyo na bado naikataa. Bibi wa miaka 80 anayemeza dijoksini ya miligramu 0.25 kila siku huanza kutapika na moyo wake kwenda ovyo. Pampu zake hazijabadilika, wala kidonge hakijabadilika. Figo, ambazo ndizo hasa huitoa dawa hiyo mwilini, zimechoka, na kila kidonge kinaikuta sehemu ya kile cha jana bado kwenye damu. Mwanafunzi aliyeanza na pampu ataukagua moyo wa bibi huyo. Aliyeanza na njia, ya kuingia na ya kutoka, ataagiza figo zake zipimwe na dawa isimamishwe siku hiyohiyo.