Nani Anailisha Tume ya Haki? Mazungumzo na vijana wa Kibomet



Vijana wa Kibomet, na nyinyi mliopanda matatu mapema kutoka Bungoma na Kimilili, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, ile mnayoisikia kwa taarifa ya habari ikiitwa KNCHR. Mimi nataka tuzungumzie pesa zake. Najua pesa za ofisi si habari tamu, lakini nivumilieni kidogo.

Kwanza tujue ni kitu gani. Si shirika la kujitolea, wala si idara ya waziri fulani. Ilianza kazi 2003 chini ya sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Maina Kiai. Katiba ya 2010 ikaiweka katika Kifungu cha 59. Inaweza kumwita afisa wa serikali aje ajibu, inaweza kuitisha nyaraka, inaweza kukagua jela na seli. Lakini haiwezi kumfunga mtu. Kazi yake kubwa ni rekodi: nani aliumizwa, wapi, lini, na aliyemuumiza ni nani.

Na rekodi inagharimu. Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Machi 2008 jeshi liliingia Mlima Elgon kuwasaka SLDF, kundi lililokuwa limeua watu na kuwakata masikio kwa sababu ya ugomvi wa ardhi. Operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Wanaume na wavulana walikusanywa kwa wingi, wakapelekwa kambi ya kijeshi ya Kapkota, na huko wengi wakateswa. Wako ambao familia zao hazijawaona hadi leo. Jeshi lilikana. Ila tume ilikuwa imetuma watu wake, wakazungumza na waliotoka kambini majeraha yakiwa bado mabichi, na Mei mwaka huo huo ikatoa ripoti kwa jina The Mountain of Terror, yaani mlima wa kitisho. Mlimani wapo wazee ambao mpaka sasa hawana ushahidi mwingine wa yaliyowapata isipokuwa zile kurasa.

Baadaye shirika la IMLU, la madaktari na mawakili, lilipeleka jambo hilo Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikasema kesi imechelewa, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu. Hakuna aliyesema mateso hayakutokea. Muda ndio ulioiua ile kesi. Sasa nyinyi fikirieni: alama ya kiboko mgongoni inafutika baada ya wiki chache. Gari la tume likikosa petroli mwezi huu, mwezi ujao hakuna cha kupiga picha. Daktari asipolipwa kusimamia upasuaji wa maiti leo, kesho maiti imeshazikwa.

Mtaniambia, si kuna mashirika yetu? Yapo, na Mungu awalipe. Lakini kumbukeni 2015. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa mwezi wa Aprili, akaunti za benki za MUHURI na Haki Africa zilifungwa, wakahusishwa na ugaidi. Ilibidi waende mahakamani Mombasa, na mpaka Novemba ndipo jaji akaamuru zifunguliwe. Miezi saba! Karibu yote hiyo ilikuwa miezi ambayo vijana wetu walikuwa wanachukuliwa usiku. Katikati ya kipindi hicho, Septemba, ni tume ndiyo iliyotoa ripoti juu ya operesheni za kupambana na ugaidi: visa zaidi ya 120, kati yake watu 25 waliouawa bila kufikishwa mahakamani na 81 waliopotezwa. Polisi hawakuweza kuifungia tume akaunti, maana pesa zake zimetajwa ndani ya Katiba.

Hapo ndipo penye mzigo wa mazungumzo haya. Kifungu cha 249 kinasema Bunge litazipa tume huru pesa za kutosha, na kila tume iwe na fungu lake peke yake. Neno ni "za kutosha". Nani anaamua zinatosha? Kila mwaka Hazina Kuu inaweka kiwango, tume inapeleka mahitaji yake, na kinachorudi mara nyingi ni kidogo kuliko kilichoombwa. Hata kile kilichopitishwa kinaweza kuchelewa. Anayechunguzwa ndiye anayeshika mfuko wa anayemchunguza. Kanuni za Paris, zilizokubaliwa Umoja wa Mataifa 1993, zinakataza pesa kutumiwa kuibana tume ya namna hii. Kwa hiyo huna haja ya kuifunga tume ili kuinyamazisha. Unaiacha tu na jina zuri na tangi tupu.

Wako wanaosema wafadhili watajaza pengo. Sheria inaruhusu tume kupokea misaada, sawa. Lakini mfadhili ana ajenda yake, na siku akiondoka haulizi mtu. Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, mkaona hapa Kenya watu wangapi walirudi nyumbani. Isitoshe, ripoti ikilipiwa na wazungu, mshukiwa wa kwanza kusimama atasema hao ni vibaraka.

Mwaka 2024 vijana wa rika lenu waliingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Mnakumbuka zile namba, 39 waliokufa kufikia Julai 1? Zilitoka kwa tume. Mwisho wa mwaka ikasema waliotekwa tangu Juni ni 82, na 29 bado hawajulikani walipo. Namba kama hizo haziokotwi mtandaoni. Kuna mtu alisimama mochari akahesabu. Halafu Agosti 2025 Rais akatangaza jopo la kushughulikia fidia za waathiriwa, na waliokwenda mahakamani kulipinga wakauliza swali ambalo hata mimi nauliza: kama kuna pesa za kuunda jopo jipya, kwa nini hazikupelekwa kwa tume ambayo kazi hiyo tayari ni yake?

Sisemi tume ni malaika. Ripoti zake zimejaa Kiingereza kigumu, mtu wa Endebess zinampita juu. Ofisi za nje ya Nairobi ni chache mno. Hata hivyo moja iko hapa Kitale mjini, na nikiuliza wangapi kati yenu mmeingia pale, sitarajii mikono mingi. Kupeleka malalamiko ni bure. Huhitaji wakili, na unaweza kupeleka kwa niaba ya mwingine. Nenda siku ile ile au kesho yake. Beba fomu ya hospitali, picha, namba ya OB, majina ya waliokuwepo. Ofisi isiyopokea watu ndiyo rahisi kukatwa bajeti, maana Hazina itauliza wanafanya nini huko.

Na jambo la pili ni tarehe. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti lazima yawe Bungeni, na Kifungu cha 221 kinailazimisha kamati ya bunge kusikiliza wananchi kabla ya kupitisha. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Katikati hapo ndipo barua ya msikiti, ya chama cha boda boda, ya kikundi cha kina mama, inapoweza kusema: fungu la tume limepunguzwa, tunataka kujua kwa nini. Mbunge wako akirudi mtaani kwa matanga au harambee, muulize alipigaje kura kwenye fungu hilo. Wengi wao hawajawahi kuulizwa hata mara moja.

Naona ndugu zetu wa Bungoma wanaangalia saa. Tuna dakika ishirini kabla ya adhana. Nani ana swali la kwanza?